Krismasi ya kwanza bila bibi: naomba ushauri wa mapambo na vitamu kwa kutumia vyombo vyake vya zamani

Mjukuu wa Mpwapwa

Ndugu zangu, nawasalimu nyote, na kwa wakubwa nasema shikamooni.

Bibi yetu mzaa mama alitutoka mwaka jana, na wanawe wameamua kwamba Krismasi ya mwaka huu tuile nyumbani kwake Mpwapwa, sote pamoja, watu 25 ambao karibu nusu yao ni watoto. Mimi ninayeishi Dodoma mjini nimekabidhiwa mapambo na vitamu vya kula baada ya pilau. Sikutaka kununua mapambo ya plastiki, kwa kuwa tulipofungua stoo ya bibi mwezi uliopita tulikuta vitu vinavyotosha kupamba nyumba mbili: pasi mbili za mkaa, taa mbili za chemli ambazo moja haina kioo, ndoo ya bati, sahani 18 za bati zenye ukingo wa buluu, vibuyu vya ukubwa mbalimbali, kinu na mchi wake, magunia ya katani, vitambaa vya meza alivyovifuma kwa mkono wake, kanga zaidi ya doti 20, na sanduku la bati la kijani ambalo hatujalifungua. Ufunguo wake haujapotea. Umefungwa fundo kwenye pembe ya kanga moja, kama alivyozoea kuufunga alipokuwa hai, na hakuna aliyepata moyo wa kulifungua fundo hilo.

Kwa muda mrefu nimekuwa nikiangalia picha za nyumba za mashambani za Marekani zinavyopambwa wakati wa Krismasi: ndoo za bati zimejazwa matawi mabichi, mitungi ya kioo imewekwa taa ndogo, magunia yametandikwa mezani, na karibu kila kitu kimepakwa rangi nyeupe iliyochubuliwa makusudi ili kionekane cha kale. Nilifikiri kufanya hivyo hivyo, yaani kupaka pasi, taa na sanduku rangi nyeupe, na kukata kanga zilizochakaa ili nipate vibendera vya pembetatu vya kutundika sebuleni. Mama yangu mdogo aliposikia mpango huo alinyamaza, na ukimya wake umenifanya nisite.

Naomba mnisaidie katika mambo matatu. Kwanza, je, ni sawa kupaka rangi vyombo hivi? Pili, shada la mlangoni na mti wa Krismasi nivitengeneze kwa mimea gani ya huku kwetu, ambako miti ya aina ya zile picha haioti? Tatu, ni vitamu gani ninaweza kuandaa kwa jiko la mkaa tu, kwa kuwa nyumba ya bibi haina oveni?

Shangazi wa Kondoa

Marahaba mwanangu, na poleni sana kwa kuondokewa na mzazi.

Nitaanza na rangi, kwa sababu ndilo jambo ambalo likishafanyika halirudi nyuma. Usipake. Zile picha unazozitazama zina historia yake: mkulima wa Marekani alitumia gunia, ndoo ya bati na mtungi wa kioo kwa kuwa ndivyo vilivyokuwa vyombo vyake vya kazi. Mtungi wenye mfuniko wa kuzungusha, ambao John Landis Mason aliupatia hataza mwaka 1858, ulikuwa wa kuhifadhia matunda na mboga kwa ajili ya majira ya baridi, na wakati wa ugumu wa maisha wa miaka ya 1930 wanawake wa vijijini kule walishona nguo za watoto kwa mifuko ya unga. Uzuri unaokuvutia katika picha hizo umetokana na vitu vilivyofanya kazi katika nyumba ile ile. Ukiipaka pasi ya bibi rangi nyeupe, unafuta alama za mkono wake ili ifanane na chombo cha nyumba ya mtu usiyemjua.

Badala ya rangi, safisha. Pasi yenye kutu iloweke kwenye siki usiku mmoja, isugue kwa brashi ya waya, isuuze kwa maji safi, kisha iweke karibu na jiko hadi ikauke kabisa hata kwenye bawaba. Ikiwa bado ina uvuguvugu, ipake nta ya nyuki kwa kitambaa na uing'arishe. Nta huzuia kutu isirudi na huacha weusi wa chuma uonekane vizuri. Huku Kondoa nta hupatikana kwa warina asali, na nadhani hata hapo Dodoma wauza asali wanaweza kukuagizia. Usitumie mafuta ya alizeti kwa kazi hii, maana yakikaa huganda na kunatanata, na vumbi letu la Dodoma hushika hapo hapo. Pasi mbili zilizong'arishwa, zimefunguliwa vifuniko na kuwekwa masuke ya mtama ndani mahali pa mkaa, zitakutosha pande mbili za mlango.

Vitambaa vya kufuma ndivyo ninavyovionea wivu. Viloweke kwenye maji ya baridi na sabuni ya kawaida bila kuvisugua, ubadilishe maji hadi yawe meupe, kisha uvianike kivulini juu ya taulo, vikiwa vimelazwa na kunyooshwa kwa mkono, kwa sababu ukivitundika kwenye kamba uzito wa maji utavivuta na kuviharibu umbo. Vile vidogo vya duara, ambavyo bila shaka aliviweka chini ya vikombe au juu ya redio, unaweza kuvigeuza mapambo ya mti bila kuvikata hata uzi mmoja. Pika wanga mwepesi kwa kijiko kimoja cha mezani cha unga wa muhogo na nusu lita ya maji, uache upoe, ukichovye kitambaa, ukikamue, ukitandaze juu ya mfuko safi wa nailoni na uvute kila pembe kwa pini hadi kikauke. Kitakakamaa kama karatasi ngumu, utakitundika kwa uzi, na baada ya sikukuu utakifua na kitarudi kuwa kitambaa kama zamani.

Sasa kanga. Hapa nakuomba unisikilize kama ungemsikiliza mama yako mdogo, ambaye naamini ukimya wake ulihusu jambo hili. Kanga ya marehemu haikatwi kabla wanawe wa kike hawajakaa wakazigawana. Zipo alizopewa siku mwanawe alipoolewa, zipo alizojifunga msibani, na kila moja ina jina lake ambalo huenda alilichagua kwa maneno aliyotaka kumwambia mtu. Zungumzeni kwanza. Kisha, hata zile mtakazokubaliana kuzitumia, msizikate; zikunjeni kwa urefu ili pindo la upande mmoja na jina lake vionekane, mzitandaze katikati ya meza moja baada ya nyingine. Watoto watasoma majina kutoka mwisho mmoja wa meza hadi mwingine, na wakubwa watawaeleza ni lini bibi aliivaa ipi. Vibendera shoneni kwa vitenge vya kununua.

Na ile yenye fundo, mwanangu, mwachieni mkubwa wenu.

Fundi wa Miyuji

Nakubaliana na Shangazi kuhusu pasi, ila kwa heshima natofautiana naye kidogo kuhusu rangi. Mimi nafanya kazi ya bati, na nimeona ndoo na masanduku mengi mazuri yakioza kwa sababu wenye mali waliona ni kosa kuyagusa. Ikiwa kitako cha ndoo kimeanza kutoboka, kipake rangi ya kuzuia kutu kwa chini ambako hapaonekani. Huko si kuibadilisha ndoo, bali ni kuirefushia maisha.

Sanduku la kijani nakusihi usilipige msasa kabisa. Rangi nyingi za mafuta za zamani zilichanganywa na madini ya risasi, na mtu akizikwangua zikiwa kavu, vumbi lake huingia mwilini kwa pumzi na kwa mikono, na madhara yake makubwa huwa kwenye ubongo wa watoto wadogo. Umesema karibu nusu ya wageni wako ni watoto. Lifute sanduku kwa kitambaa chenye maji na sabuni, na sehemu zinazobanduka zipitishie vanishi isiyo na rangi ili zishikamane. Kwa sababu hiyo hiyo, kitu kilichopakwa rangi zamani kisiguse chakula, hata kama kinapendeza.

Ndoo ya bati nayo imefunikwa kwa zinki. Maji ya kunywa hayana shida, lakini ukitaka kuweka juisi ya ubuyu, ya ukwaju au ya ndimu, usitumie ndoo hiyo, kwa kuwa uchachu huyeyusha zinki na watu wanaweza kutapika au kuumwa tumbo. Itumie kwa matawi, au iweke barafu na chupa za soda zilizofungwa. Sahani za bati ni salama kama hazijamomonyoka. Zile ambazo enameli yake imebanduka mahali pa kuwekea chakula zitundike ukutani, maana vipande vyake vidogo vinaweza kuingia kwenye keki bila mtu kujua.

Jambo ambalo nalisisitiza kuliko yote ni moto. Masuke, magunia ya katani, maganda ya mahindi na vitambaa vilivyotiwa wanga ni vitu vinavyoshika moto kwa haraka mno. Chemli mbili za bibi zisitiwe mafuta ya taa siku hiyo. Toa utambi, mwaga mafuta yaliyobaki, osha tangi kwa sabuni hadi harufu iishe, kisha weka ndani ya kioo taa ndogo za waya zinazotumia betri au sola. Ile isiyo na kioo haina haja ya kutafutiwa kingine, kwa sababu mahali pa kioo unaweza kuweka mtungi wa jamu uliopinduliwa, ukakaa vizuri na mwanga ukatawanyika. Kibuyu kikavu kisicho na kazi tena hutoboka kirahisi kwa msumari uliopashwa moto. Ukitoboa matundu madogo kwa mpangilio wa nyota na kuweka taa hizo hizo ndani, ukuta mzima wa sebule utajaa nukta za mwanga. Hakikisha tu si kibuyu cha maziwa ambacho familia bado inakitumia.

Nyota za mti zitengenezeni kwa makopo ya maziwa ya unga. Kopo likatwe kwa mkasi wa bati, linyooshwe kwa nyundo juu ya ubao, nyota ichorwe kwa msumari na kukatwa, kisha kingo zipigwe tupa hadi zisikate kidole. Kazi ya kukata si ya watoto. Wao wape msumari na nyundo ndogo watoboe mapambo katikati, huku bati likiwa juu ya gogo.

Mwalimu wa Hombolo

Nimefurahi kuona swali la mimea, kwa sababu watu wengi wa Dodoma huenda kutafuta matawi ya mbali ilhali shada bora kuliko yote liko shambani kwetu na linachomwa moto kila mwaka. Nazungumzia mizabibu. Baada ya mavuno ya Agosti na Septemba wakulima wa Hombolo, Mpunguzi, Mvumi na Makutupora hupogoa mashamba yao, na matawi yanayokatwa hurundikwa pembeni yakisubiri kuwa kuni. Hata huko Marekani mashada ya nyumba za mashambani mara nyingi husukwa kwa mzabibu, kwa hiyo hapa huigi wala hubadilishi kitu. Waombe wakulima, kwa kawaida hawakatai.

Chagua matawi marefu yenye unene wa penseli na usiyanyang'anye vikonyo vyake vilivyojikunja, kwa sababu ndivyo urembo wenyewe. Kama yameshakauka, yaloweke kwenye pipa la maji kwa siku nzima hadi yajipinde bila kukatika. Chukua tawi moja, ulizungushe liwe duara lenye upana wa sentimita 40 hivi, kisha pitisha la pili ndani na nje ya la kwanza, na la tatu vivyo hivyo, ukianza kila tawi jipya mahali tofauti ili duara lisielemee upande mmoja. Matawi 6 au 7 yanatosha. Halihitaji gundi, na waya nautumia mwishoni tu kwa kufungia mapambo. Lianike kwa siku tatu likiwa limelazwa chini ya jiwe bapa, vinginevyo litajikunja.

Mapambo ya shada hilo ni mavuno yetu yenyewe: masuke ya mtama mwekundu na ya uwele, vichwa vya alizeti vilivyokwisha kupukutishwa mbegu, na maganda ya mkrismasi. Huu mti, ambao watu wa mjini huupanda kwa kivuli na ambao huchanua maua mekundu miezi hii hadi Desemba, tumeuita kwa jina la sikukuu kwa sababu ya majira yake ya kuchanua, na bado sijaona nyumba hata moja ikiutumia kupambia. Maganda yake makavu ni meusi, magumu, yana urefu wa mkono, na mbegu zilizomo hulia kama kayamba ukiyatikisa. Yafunge matatu matatu kwa kamba ya katani na uyatundike mahali upepo unapopita. Maua mabichi hayadumu yakikatwa, basi yakate asubuhi ya Krismasi yenyewe na kuyaweka kwenye ile ndoo ya bati.

Ni lazima uangalie kalenda. Mavuno ya nafaka huku hukamilika katikati ya mwaka, na ifikapo Desemba mvua zimeanza au zinakaribia, watu wako shambani wanapanda, na masuke yaliyobaki ghalani mara nyingi yameliwa na wadudu. Yatafute sasa hivi. Yaanike juani juu ya turubai jeusi kwa siku mbili tatu, yakung'ute, kisha yafungie ndani ya mfuko usiopitisha hewa hadi siku ya kupamba. Ukiyapamba mapema na mvua ikanyesha, unyevu utaleta ukungu na shada litanuka.

Kwa upande wa mti, mimi kwangu husimamisha tawi kubwa kavu lisilo na majani ndani ya kinu. Tafuta tawi lenye vijitawi vingi lakini si la mgunga, hata kama miiba yake mirefu myeupe inapendeza, kwa sababu ya watoto. Kinu cha bibi kisitiwe udongo wala saruji. Kizungushie gunia ndani, weka tawi katikati, na ukaze kwa mawe safi pande zote. Baada ya sikukuu mawe yatatoka na kinu kitatwanga. Juu ya tawi hilo jeupe lililokauka, vile vitambaa vya Shangazi vitaonekana vizuri kuliko juu ya majani ya kijani.

Kijana wa Ipagala

Naongeza dogo tu, kwa wakubwa wangu waliotangulia. Watoto wanaweza kutunga bisi kwa sindano na uzi ziwe mkufu mrefu wa kuzungushia mti, na ukikaanga mtama badala ya mahindi utapata bisi ndogo ndogo nyeupe zinazofanana na shanga. Zitungeni tarehe 24 jioni, si mapema, kwa sababu sisimizi huzigundua haraka. Sindano ziwe butu.

Mpishi wa Kisasa

Dada, pole na msiba, na hongera kwa kubeba jukumu hili. Mimi huoka keki za biashara, nilianzia kwenye jiko la mkaa kabla sijapata oveni, na mpaka leo naamini keki ya matunda ya mkaa ina ladha ambayo oveni ya umeme haiwezi kuileta.

Kwa watu 25 andaa keki mbili za kipimo hiki. Unga wa ngano gramu 500, siagi gramu 250, sukari gramu 250, mayai 5, beking pauda vijiko 3 vya chai, maziwa robo lita pungufu kidogo, zabibu kavu gramu 300, maganda ya chungwa moja yaliyokunwa, kijiko kimoja cha chai cha mdalasini, nusu kijiko cha iliki na robo ya kungumanga. Zabibu za mavuno ya Agosti na Septemba sasa zimeshakaushwa, tafuta za hapa hapa Dodoma kama unaweza. Ziloweke usiku mzima kwenye chai ya rangi iliyokolea, yenye moto, pamoja na kipande cha mdalasini. Asubuhi zichuje, uzikaushe kwa kitambaa, na uzigaragaze kwenye vijiko viwili vya unga uliotoa kwenye kipimo, maana zikiingia zikiwa na maji zitazama zote chini.

Piga siagi na sukari kwa mwiko hadi rangi iwe nyeupe, ongeza yai moja moja, kisha unga uliochekechwa na beking pauda na viungo, ukibadilishana na maziwa, na mwisho zabibu. Usipige tena baada ya unga kuingia, changanya tu. Mimina kwenye chombo cha kuokea chenye upana wa sentimita 24, kilichopakwa siagi na kutandikwa karatasi.

Sasa ndipo sufuria kubwa la zamani linapofanya kazi. Chagua zito, kwa sababu jembamba huunguza. Weka ndani mchanga mkavu uliochekechwa, kina cha vidole viwili, ulifunike na ulipashe moto kwa dakika 15. Punguza mkaa wa chini ubaki mchache, weka chombo cha keki juu ya mchanga, funika kwa mfuniko wa bapa, na juu ya mfuniko panga mkaa mwingi kuliko wa chini. Watu wengi hukosea hapa: huweka moto mkubwa chini, keki ikaungua kitako huku katikati ikiwa mbichi. Usifunue kwa dakika 45 za mwanzo. Baada ya hapo unaweza kuchungulia na kuongeza mkaa wa juu, na kwa saa moja hadi saa moja na robo kijiti ukichokichomeka katikati kitatoka kikavu. Jipe nafasi ya kuoka moja ya majaribio kabla, kwa sababu kila jiko lina tabia yake.

Badala ya krimu, mimi humwagia juu utandu wa ubuyu. Chukua sukari ya unga gramu 200, na kama huna, twanga sukari ya kawaida na uichekeche kwa kitambaa chepesi. Changanya na vijiko viwili vya mezani vya unga wa ubuyu uliochekechwa vizuri, kisha ongeza maji ya moto kidogo kidogo hadi iwe kama uji mzito. Ukiumwaga keki ikiwa imepoa, huganda ukawa mweupe wenye ukakasi mtamu unaokata utamu wa zabibu. Wageni kutoka Dar es Salaam huniuliza kila mara ni kitu gani.

Kashata nazo zisikosekane. Kaanga nusu kilo ya karanga, zipepete maganda kwenye ungo, zitwange ziwe nusu nusu. Yeyusha sukari gramu 400 na nusu kikombe cha maji, ichemke bila kukorogwa hadi ianze kuwa rangi ya asali, tia iliki na karanga, geuza upesi, mimina kwenye sinia lililopakwa mafuta, sawazisha kwa upawa na ukate pembe nne za mshazari kabla haijapoa. Ukichelewa dakika tatu kisu hakipiti. Watoto wakae mbali wakati wa kumimina, maana sukari hiyo huunguza vibaya kuliko maji yanayochemka.

Zipange kashata kwenye zile sahani za bati zilizo nzima, na ubuyu mwekundu wa kumung'unya uweke kwenye mitungi ya kioo iliyooshwa, kwa hiyo pambo na kitamu vitakuwa kitu kimoja.

Mjukuu wa Mpwapwa

Shangazi, Fundi, Mwalimu, Dada Mpishi na mdogo wangu wa Ipagala, nawashukuru kwa moyo wote. Nimesoma majibu yenu kwa sauti mbele ya mama zangu Jumapili iliyopita, na mpango wa rangi nyeupe nimeuacha. Shangazi, ulilolisema kuhusu kanga ndilo hasa lililomnyamazisha mama mdogo. Wamekubaliana kuzigawana baada ya Krismasi, na siku yenyewe zitandikwe mezani kama ulivyoelekeza, majina yakiwa juu.

Mama mkubwa ndiye aliyelifungua fundo. Alichukua muda mrefu, kwa sababu kidole cha bibi kilikuwa na nguvu. Ndani ya sanduku tumekuta ungo mdogo, kopo tupu la biskuti ambalo wote tunalikumbuka kwa visheti vya Krismasi, na chini kabisa, zimefungwa kwa gazeti, nyota 6 za bati. Mama mkubwa anasema baba yao alizikata kwa makopo walipokuwa wadogo, wakazitundika kwenye tawi kavu nje ya nyumba, na hakujua kwamba mama yao alizihifadhi. Zimeshika kutu, na mbili zimetoboka. Fundi, je, nitumie ile njia ya siki?

Fundi wa Miyuji

Hapana, tafadhali usitumie siki kwenye nyota hizo. Pasi ni chuma kinene kinachovumilia, lakini bati la kopo la miaka mingi limeshakuwa jembamba, na siki itamaliza kilichobaki. Zilaze juu ya kitambaa laini, ziondolee vumbi kwa mswaki mpya mkavu bila kukandamiza, na kutu isiyotoka iache. Pasha nta ya nyuki kidogo hadi iwe laini, ipake kwa ncha ya kidole pande zote mbili, kisha iache ikauke usiku mzima. Zile mbili zilizotoboka usizitundike kwa tundu la zamani. Zifungie msalaba wa uzi wa katani kwa nyuma ili uzito usikae mahali pamoja. Zote ziwe juu ya tawi, ambako mkono wa mtoto haufiki, na zile mtakazokata mwaka huu zikae chini yake.

Mkipenda, nileteeni moja hapa Miyuji kabla hamjasafiri, niichore umbo lake kwenye karatasi ngumu, ili nyota mpya zikatwe kwa kipimo kile kile.